Kuishi na "bado hatujui" wakati wa matibabu ya saratani ya mapafu: mwongozo kutoka Kigoma

Siku daktari alipotuambia kwamba kivuli kwenye pafu la mama ni saratani, mama hakuuliza kama atapona. Aliuliza, "Tutarudi nyumbani lini?" Alikuwa ameacha magunia manne ya dagaa kwa jirani pale Kibirizi, mvua zimekaribia, na dagaa wakilowa ni hasara. Daktari akamjibu, "Bado hatujui, mama." Tangu siku ile neno hilo tumelisikia mara nyingi kuliko jina la ugonjwa wenyewe. Majibu ya kinyama kilichokatwa pafuni yanatoka lini? Bado. Dawa inafanya kazi? Bado. Dripu ijayo itakuwa tarehe ileile? Itategemea damu.

Mimi si daktari. Ni mtoto wa tatu wa mama huyo, nina kiduka cha madaftari na kalamu Mwanga, na ndiye niliyeangukiwa na kazi ya kumpeleka na kumrudisha. Naandika yale ambayo ningependa mtu aniambie kabla sijapanda basi la kwanza. Panapohusu dawa na dozi, msikilize daktari wako, usinisikilize mimi.

Hatua ya kwanza: maliza yale yanayoweza kujulikana

Nusu ya mashaka yetu ya mwanzo hayakuwa mashaka. Yalikuwa maswali ambayo hatukuuliza.

Mama alianza kukohoa kabla ya Ramadhani. Kwenye kituo kimoja alipimwa makohozi mara mbili, TB haikuonekana, akaanzishiwa dawa za TB hivyohivyo. Sina kinyongo sana. Kikohozi kisichoisha, kukonda, jasho la usiku na damu kwenye makohozi ni dalili za magonjwa yote mawili, na kwetu huku TB ndiyo inayojulikana zaidi. Lakini kama umemeza dawa za TB kwa wiki kadhaa na bado unazidi kukonda na kukosa pumzi, rudi useme hivyo kwa sauti, uombe kuangaliwa upya au kupewa rufaa. Tulipoteza miezi miwili kwa sababu ya adabu.

Eksirei inaonyesha kivuli. CT, ile picha ya mashine inayoonyesha kifua kwa undani, inaonyesha ukubwa wake na kilipokaa. Kinyama kinachokatwa na kupelekwa maabara ndicho kinachosema ni kitu gani hasa. Kabla kinyama hakijajibu, yeyote anayekwambia "ni saratani fulani, una muda fulani" anabahatisha, hata kama amevaa koti jeupe.

Majibu yakitoka, usitoke kwenye chumba bila kuwa na haya manne:

Ni aina gani? Kuna makundi mawili makubwa: ya seli ndogo na isiyo ya seli ndogo. Hii ya pili ndiyo ya wengi, takriban 85 kati ya wagonjwa 100. Ya seli ndogo hukimbia haraka na hutibiwa kwa njia nyingine, kwa hiyo simulizi ya jirani yako inaweza isikuhusu kabisa.

Ni hatua ya ngapi, na imefika wapi? Hatua ni nne. Ya nne maana yake imetoka kwenye pafu, imefika pafu la pili, mfupa, ini, ubongo, au kwenye maji yanayojaa kuzunguka pafu.

Lengo la matibabu ni nini, kuiondoa au kuidhibiti? Hili ndilo swali linaloogopwa zaidi. Sisi tulilikwepa mara mbili, na kumbe lingetupunguzia mateso mengi. Ukijua kwamba lengo ni kuidhibiti, hutavunjika moyo kila daktari anapoacha kutamka "kupona".

Tutajuaje kama dawa inafanya kazi, na lini? Andika mwezi.

Hatua ya pili: kaunta buku lenye mstari katikati

Nilichukua kaunta buku dukani kwangu, nikapiga mstari katikati ya ukurasa. Nilikusudia kushoto niandike maswali, kulia majibu. Mama akaliangalia, akasema, "Kushoto weka ya daktari. Kulia weka ya Mungu. Usiyachanganye." Basi tukafanya kama alivyotaka.

Wiki ya kwanza upande wa Mungu ulijaa hadi chini. Nitaishi hadi lini? Kwa nini mimi, sijawahi kuvuta hata sigara moja? Nitakufa kwa kukosa pumzi? Watoto wataniuguza mpaka wachoke? Kushoto kulikuwa na mistari mitatu tu: nywele, chakula, tarehe.

Ilichukua muda kugundua kwamba mengi tuliyomwachia Mungu yalikuwa ya daktari. Mfano ni lile la sigara. Mama kalia nalo miezi, na majirani wawili walishamwambia kimafumbo kwamba kuna mkono wa mtu. Siku moja muuguzi aliona daftari limefunguka, akasoma, akasema, "Hili mwulizeni daktari." Daktari akaeleza kwamba sigara ndiyo chanzo kikubwa duniani, lakini wasiovuta nao huugua, na moshi wa kuni wa miaka mingi ndani ya jiko lisilopitisha hewa ni miongoni mwa vinavyoongeza hatari. Mama kapika mawese na kukausha migebuka kwa moshi tangu usichana. Kisha akasema jambo ambalo hatukulitegemea: kwa mgonjwa ambaye hajawahi kuvuta, ni muhimu zaidi kukipima kile kinyama vinasaba, kwa kuwa baadhi yao wana mabadiliko yanayotibika kwa vidonge. Swali la kulia likahama kushoto, likapata na kipimo.

Kwa hiyo kila kabla ya kliniki tunausoma upande wa kulia na kuuliza: hili ni la Mungu kweli, au tumeogopa kuuliza? "Nitakufa kwa kukosa pumzi?" nalo lilihama. Jibu lake liko mbele.

Yanayobaki kulia yabaki. Hatuyajadili kila siku. Yameandikwa, hayatapotea.

Hatua ya tatu: hesabu siku 21, usihesabu maisha

Tiba kemia, ambayo wodini kila mtu anaiita dripu, kwa saratani hii mara nyingi hutolewa kila baada ya siku 21, mizunguko minne hadi sita. Mama alipewa kaboplatini na paklitakseli. Kila mzunguko una umbo lake, na ukishalijua, sehemu kubwa ya hofu hupata tarehe.

Mama hahesabu wiki. Maisha yake yote kahesabu mwezi: giza likiingia wavuvi wanawasha taa na kwenda ziwani, mbalamwezi ikija wanapumzika na fedha nayo inapumzika. Siku 21 hazilingani na mwezi, na hilo lilimsumbua kuliko kichefuchefu. Nikamchorea kwenye kalenda ya ukutani: siku ya dripu duara, siku tatu za kwanza msalaba mdogo kwa kichefuchefu na uchovu, siku ya 7 hadi ya 14 mstari mwekundu, siku zinazobaki wazi. Zile za wazi ndizo za harusi, za soko, za kwenda Ujiji kumwona dada yake.

Mstari mwekundu una sababu. Katika siku hizo seli nyeupe za damu hushuka chini kabisa na mwili hauna walinzi. Nunua kipima joto kwenye duka la dawa, ukiweke palepale ilipo simu. Joto likifika nyuzi 38, au mgonjwa akitetemeka kwa baridi, usingoje asubuhi na usitangulize panadoli, maana itaficha homa bila kumaliza maambukizi. Nenda hospitali usiku huohuo. Kwa sisi wa mjini ni Maweni, kwa wa Tabora ni Kitete. Ukifika sema hivi: "Anatumia dripu za saratani, ya mwisho ilikuwa siku tisa zilizopita." Hiyo sentensi itawafanya wakuharakishe kuliko kulia. Tuliomba kliniki ituandikie karatasi moja yenye jina la ugonjwa, dawa na tarehe, nikaitoa kopi tatu. Moja iko kwenye mkoba wa mama, moja kwa kaka, moja imebandikwa nyuma ya mlango.

Uulize pia dalili nyingine za kukimbizwa hospitali. Kwetu tuliambiwa ni kutokwa damu isiyokata, kukohoa damu nyingi, kubanwa pumzi ghafla, uso na shingo kuvimba, miguu kuishiwa nguvu ghafla. Ganzi ya vidole inayokuja taratibu si ya kukimbizwa usiku, lakini itajwe kliniki, maana dozi inaweza kubadilishwa.

Halafu kuna siku utakayoambiwa, "Damu haijapanda, rudini wiki ijayo." Mara ya kwanza mama aliamini saratani imeshinda. Haikuwa hivyo. Uboho ulikuwa bado unajikusanya baada ya dawa, basi. Dripu kuahirishwa ni jambo la kawaida kabisa, na afadhali mtu akuambie mapema.

Hatua ya nne: safari na fedha zisizo na tarehe

Wengi wa Kigoma na Tabora hupewa rufaa ya Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Kutoka Kigoma kwenda Mwanza utapita Kasulu, Kibondo, Kakonko, Nyakanazi hadi Geita, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 hakuna tena kungojea kivuko. Mtu wa Tabora ana nafuu ya reli, akitaka Mwanza, akitaka Dar.

Kabla hujasafiri, uliza kliniki kama wanakubali kipimo cha FBP, kile cha kuhesabu seli za damu, kilichofanyika karibu na kwenu siku mbili tatu kabla ya dripu, na majibu wayatazame kwa picha ya simu. Sisi tulikubaliwa baada ya safari ya pili ya bure. Ilituokolea nauli na, zaidi ya nauli, ilimwokolea mama siku nzima ya kukaa kwenye kiti cha basi kwa ajili ya kuambiwa arudi.

Usikate tiketi ya kurudi mapema. Kwenye bajeti weka siku nne za ziada kila safari. Kama mnafikia kwa ndugu, mwambieni ukweli tangu mwanzo kwamba hamjui mtakaa siku ngapi, na mwingie na mchele wenu na mafuta. Waliosema mgeni siku ya tatu mpe jembe hawakuwa wakatili, walikuwa wanahesabu unga.

Fedha nazo zilikuwa na mwezi wao. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, sisi wenye kutegemea dagaa tulijifunza kuweka akiba kabla ya kufungwa. Tulifanya vivyo hivyo na dripu: kila ndugu anachanga wiki ya pili, si asubuhi ya safari. Kama hamna bima, au bima imegoma kipimo fulani, mwone ofisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla deni halijawa kubwa. Yupo kwa kazi hiyo. Nenda na barua ya serikali ya mtaa.

Hatua ya tano: wiki ya kungojea CT

Hii ndiyo mbaya kuliko zote, naikiri. Baada ya mizunguko miwili au mitatu picha hurudiwa kuona kama dawa inafanya kazi. Kuanzia siku ya picha hadi siku ya majibu, mama alikuwa anasikiliza kifua chake kama mtu anayesikiliza mwizi.

Jiandae kwa majibu matatu. Uvimbe umepungua. Uvimbe umekua, au umetokea kwingine, na hapo daktari atazungumzia dawa nyingine au njia nyingine. La tatu ndilo linaloumiza watu bila sababu: uvimbe uko vilevile. Tulipoambiwa hivyo nilitoka nje nikalia, hadi daktari mwanafunzi akanifuata kunieleza kwamba kwa saratani ya hatua ya nne, kusimama ni habari njema. Ugonjwa uliokuwa unakimbia umesimama.

Amueni kabla, mkiwa bado nyumbani, nani ataingia kusikiliza, nani ataandika, na nani atapigiwa simu kwanza. Mama alisema anataka kusikia mwenyewe, lakini mimi ndiye niwaambie wengine.

Hofu nayo tuliipa saa. Baada ya swala ya Alasiri tulikaa barazani nusu saa, akasema yote aliyokuwa nayo, hata ya kaburi lichimbwe wapi. Magharibi ikiingia tunafunga. Akianza usiku namwambia, "Mama, hilo la kesho Alasiri." Mara ya kwanza alikasirika. Mara ya pili akacheka. Haikuondoa hofu, lakini ilimrudishia usingizi kidogo. Kama wiki mbili zinapita mgonjwa halali, hali, hataki kuona watu wala kile alichokuwa anakipenda, hiyo imeshapita hofu ya kawaida. Itajwe kliniki kama maumivu mengine.

Kuhusu muda wa kuishi, namba za kwenye simu ni wastani wa watu wasiokujua, wengi wao wa nchi nyingine na dawa nyingine. Ukitaka kujua, uliza hivi: "Kwa wagonjwa wanaofanana na mama, wanaokwenda vizuri sana hufika wapi, wanaokwenda vibaya hufika wapi, na wengi wako wapi hapo katikati?" Jibu litakuwa pana, na upana huo ndio ukweli. Kama mgonjwa hataki kujua, hiyo ni haki yake.

Hatua ya sita: watu

Sisi tulimficha mama wiki mbili. Shangazi alisema akijua atakufa kwa mshtuko. Tukawa tunasema "ni uvimbe tu". Siku moja mama alimwaga uji kwenye mkeka mpya na hakuna aliyemgombeza. Akatazama nyuso zetu zote, mmoja mmoja, akasema, "Kumbe nakufa." Aliyegundua hakuwa daktari, ilikuwa ni ukimya wetu. Siri haimpunguzii mgonjwa mashaka, inamwongezea, kwa sababu sasa hajui ugonjwa na hajui pia nani wa kumwamini. Namna ya kuanza ni kumwuliza: "Mama, unataka kujua kiasi gani?"

Kila mgeni atakuja na dawa. Majani ya mstafeli, mlonge, habasoda, maji ya mtu fulani. Mwaka 2011 nchi nzima ilipanga foleni Loliondo kwa kikombe cha Babu, na waliokwenda hawakuwa wajinga, walikuwa wamechoka kuambiwa bado. Naelewa. Lakini mitishamba mingine inagongana na dripu au kuumiza ini na figo, kwa hiyo sheria yetu ni moja: hakinywewi kitu kabla hakijaonyeshwa kliniki. Mgeni anashukuriwa, majani yanapokelewa, yanawekwa juu ya kabati.

Teua msemaji mmoja. Mimi huandika kwenye kundi la ukoo la WhatsApp kila Ijumaa: "Mama yuko siku ya 12. Anakula. Majibu bado. Wageni tunawaomba waje kuanzia Jumatano, wenye mafua wapige simu." Simu zilipungua kwa zaidi ya nusu. Simu ishirini kwa siku zenye swali moja usilo na jibu lake huchosha kuliko kuosha mgonjwa.

Hatua ya saba: pumzi

Pumzi ikibana hofu hupanda, na hofu ikipanda pumzi hubana zaidi. Mnyororo huo unaweza kukatwa mahali pawili. Muuguzi alimfundisha mama akae aegemee mbele, viwiko juu ya meza au magoti, mabega ameyalegeza. Avute hewa puani, kisha aitoe polepole kwa midomo iliyobanwa, kama anayepoza kijiko cha uji. Wakati huo mtu ampepee usoni kwa kipepeo, karibu na pua na mashavu. Nilidhani ni kumbembeleza tu, kumbe upepo wa usoni kweli hupunguza hisia ya kukosa hewa. Kipepeo chake cha ukindu sasa kinasafiri naye. Kupandisha kilima kutoka Kibirizi aliacha. Anapanda bajaji, na hana aibu nayo.

Na lile swali la daftari? Jibu lilikuwa tiba shufaa. Ni huduma ya kutuliza maumivu, pumzi na mawazo, na huanza pamoja na matibabu, haingoji yashindikane. Mofini ya maji kwa dozi ndogo anayopanga daktari hutuliza maumivu na pia ile hisia ya kukosa hewa. Haimaanishi mwisho umefika, na anayeitumia kwa maumivu jinsi alivyoelekezwa si rahisi awe teja. Inafunga choo, kwa hiyo omba dawa ya kulainisha siku hiyohiyo. Mama alipojua kwamba pumzi ina dawa, aliufuta ule mstari mwenyewe, kwa kalamu nyekundu.

Hatua ya nane: yale yanayofungwa mapema

Fanyeni katika zile siku za wazi, siyo wodini. Nani anajua namba ya siri ya pesa za simu, hati ya kiwanja iko wapi, nani anadaiwa magunia mangapi, wosia. Mama alimaliza kwa asubuhi mbili, na jioni ya pili alikula ugali kuliko siku zote za mwezi ule.

Mipango mingine isivuke mzunguko mmoja. Tukipanga la mwaka kesho wote tunanyamaza. Tukipanga la Jumamosi tunabishana, na kubishana ni afya.

CT yake nyingine ni Jumanne ijayo. Begi liko tayari nyuma ya mlango tangu juzi, na kipepeo juu yake. Jana nimelikuta limefunguliwa na doti moja ya kanga haipo. Anasema ni ya harusi ya Jumamosi, atairudisha.